Habari za Mkaratusi, na Jinsi Ulivyofika Kwetu

Mtu atokaye Masasi kwenda Newala, akiisha kuyaacha nyuma yale majabali makubwa yaliyokaa uwandani kama tembo waliolala, hufika mahali ambapo njia huanza kukwea. Hukwea kwa mizunguko mingi, na hewa hupoa kidogo kidogo, hata mtu akatokea juu ya uwanda wa Makonde. Akisimama ukingoni pale Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huona chini yake bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji, yote buluu hata mwisho wa macho. Ni nchi nzuri ya kutazama. Lakini akigeuka aitazame nchi aliyoisimamia, atatafuta mto asiuone, atatafuta kijito asikione. Udongo ni mwekundu wenye mchanga. Mvua inyeshapo huzama mara moja, ikaenda chini sana, kisha hutokea tena kama chemchemi mabondeni, chini ya mteremko, mbali na nyumba za watu.

Katika nchi ya namna hii mti wowote ulio mbichi mwezi wa Oktoba wastahili kuulizwa habari zake. Mwembe na mkorosho tumezoea, hatuiulizi tena. Lakini siku moja, tulipokuwa tukifagia uwanja wa shule, mwanafunzi mmoja aliokota jani refu jembamba, akalivunja, akalinusa, akauliza, "Mwalimu, mti huu babu zetu waliuitaje?" Tulimjibu kuwa ni mkaratusi. Akasema, "Hilo nalijua, Mwalimu. Nauliza babu zetu waliuitaje."

Swali hili lilitushinda kwa siku kadha, mpaka tulipotambua ya kuwa jibu lake ni fupi. Babu zetu hawakuuita kwa jina lolote, kwa sababu hawakuuona. Hata hilo neno mkaratusi si letu. Ni neno la wataalamu wa Ulaya lililokatwa kichwa na ulimi wa Waswahili, likavikwa herufi ya mti mbele yake, likawa kama mwenyeji. Basi kwa ajili ya mwanafunzi yule, na wengine watakaouliza kama yeye, tumekusanya habari hizi.

Asili ya mikaratusi ni nchi ya Australia, na aina chache humea katika visiwa vilivyo kaskazini yake. Jumla ya aina zake hupita 700. Mwaka 1777 merikebu za Kapteni Cook zilitia nanga katika kisiwa cha Bruny, karibu na Tasmania, na mtunza mimea mmoja aliyekuwamo, jina lake David Nelson, akachuma matawi yenye maua. Matawi hayo yalipelekwa London, yakakaa makavu katika karatasi miaka kama kumi, hata Mfaransa mmoja, L'Héritier, akayatazama, na mwaka 1788 akaupa mti ule jina la Kiyunani ambalo maana yake ni "uliofunikwa vizuri." Sababu ya jina ni ua lake. Ua la mkaratusi likiwa changa limefunikwa kwa kifuniko kidogo, mfano wa kawa juu ya sahani ya wali. Likiwa tayari, kawa huanguka, na nyuzi nyeupe za ua hutoka nje kama ndevu.

Katika aina hizo zote, inayotuhusu sana sisi wa nchi kavu ni moja, ile ambayo wataalamu huiita Eucalyptus camaldulensis. Jina lake la pili lina kisa. Mwaka 1832 bwana mmoja aliyeitwa Dehnhardt, mkuu wa bustani ya mimea ya Naples katika Italia, aliuandika mti huu kwa jina la bustani ya Camalduli, karibu na mji ule, maana ndiko alikouona. Hivyo mti ulioenea Australia kupita mikaratusi yote, umeao kandokando ya mito ya bara kavu, ukapewa jina la bustani ya watu wengine ambamo wenyewe ulikuwa mgeni. Sisi tusishangae. Katika Afrika yetu mna maziwa makubwa yaliyotiwa katika ramani kwa majina ya wafalme ambao hawakuyatia macho kamwe.

Wenyeji wa asili wa Australia hawakungoja Mfaransa ili kuujua. Tangu zamani walibandua gamba la mti huu kwa kipande kimoja kirefu, wakalifanya mtumbwi, na mpaka leo huonekana kule miti mikongwe yenye kovu refu ubavuni mahali gamba lilipotolewa; mti haukufa, ukaendelea kukua na kovu lake. Mti huu huishi mamia ya miaka.

Sasa tuseme juu ya ushupavu wake, maana ndio uliomfanya mgeni huyu apokewe kila mahali. Jani la mwembe hulitazama jua kwa uso. Jani la mkaratusi huning'inia, likalielekezea jua ukingo tu, kama mtu ageuzaye bega upepo wa vumbi uvumapo. Ndiyo sababu kivuli chake ni chepesi, nayo maji yake hayaondolewi upesi na jua la adhuhuri. Mizizi hushuka mbali sana. Mafuriko yakiuzunguka miezi mitatu haufi, na ukame ukija baada yake haufi. Moto ukipita, machipukizi hutoka shinani na katika matawi yaliyoungua. Ukiukata, kisiki huchipuka, na baada ya miaka sita au saba una nguzo tena bila ya kupanda. Tumeona miti mingi migumu katika nchi yetu, lakini mti wenye ugumu wa namna hii pamoja na upesi wa kukua ni adimu. Mpingo ni mgumu, nao hungojewa miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kuchongwa. Mwenye kuupanda huwapandia wajukuu.

Tena tusidhani ya kuwa mgeni huyu hana jamaa huku kwetu. Vunja jani lake unuse, kisha nusa jani la mkarafuu: hii ni jamaa moja. Karafuu yenyewe ni ua changa lililochumwa kabla halijavua kofia yake. Mpera na mzambarau nayo ni ya ukoo huu, na mizambarau ya mwituni imeayo kando ya mito ya Afrika ni ndugu wa mbali wa mkaratusi umeao kando ya mito ya Australia. Mwanafunzi wetu alifurahi kusikia hayo kuliko habari zote za Kapteni Cook.

Je, mti huu ulitokaje kwao ukaenea duniani? Tuseme kwanza jambo la homa, kwa kuwa ndilo lililoubeba. Katika Melbourne alikuwako Mdachi mmoja, Ferdinand von Mueller, aliyekuwa mkuu wa bustani ya mimea tangu 1857 hata 1873. Mtu huyu aliipenda mikaratusi kama mfugaji apendavyo ng'ombe, akapeleka mbegu zake nchi nyingi kwa barua na kwa meli. Siku zile watu wa Ulaya waliamini ya kuwa homa hutoka katika hewa mbaya ya vinamasi, na neno malaria kwa Kiitalia maana yake ndiyo hiyo, hewa mbaya. Wakasema, mti wenye harufu kali hivi bila shaka husafisha hewa. Mikaratusi ikapandwa Algeria, ikapandwa Italia. Na karibu na Roma, mahali paitwapo Tre Fontane, watawa waliokabidhiwa nyumba iliyoachwa kwa ajili ya homa mwaka 1868 waliizungushia mikaratusi. Ndipo mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa Kiingereza katika India, alipovumbua vijidudu vya malaria katika mwili wa mbu. Basi harufu haikuwa dawa. Palipokuwa na nafuu, ilikuwa kwa sababu mti ulikunywa maji ya kinamasi, mbu akakosa mahali pa kutagia.

Hapa tunapenda kusimama kidogo, kwa kuwa jambo hili lagusa masimulizi ya uwanda wetu. Mdachi Karl Weule, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, ametia katika kitabu chake asili ya Wamakonde kama walivyoisimulia wenyewe: ya kuwa mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke, ya kuwa watoto wao wa kwanza walizaliwa mabondeni wakafa, na walipopanda juu, pande za Mahuta, mtoto akaishi, ndipo wakawausia watoto wao wasijenge karibu na maji makubwa, bali wakae juu vichakani, mbali na mto, kwa kuwa magonjwa hukaa mabondeni. Masimulizi haya wengine huyacheka. Sisi twaona ya kuwa wazee wale, bila ya darubini, walifika mahali pale pale walipofika wakubwa wa Roma: waliona ya kuwa homa hukaa kwenye maji. Lakini dawa zilikuwa mbalimbali. Watu wa Roma walileta mti uyanywe maji. Wamakonde waliyahama maji wenyewe, na gharama ya shauri hilo wakawapa wanawake waibebe kichwani.

Kulikuwa na sababu nyingine pia ya kukaa juu. Mwaka 1876 Askofu Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji chini ya majabali. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, walikishambulia kijiji kile, wakachukua watu na kuchoma nyumba, na mwaka uliofuata Chauncy Maples akahamia Newala. Vichaka vya uwanda wa Makonde vilikuwa vizito, na adui mwenye ngao na mkuki alichoka upesi mahali pasipo na njia wala maji. Ukosefu wa maji ulikuwa boma la watu.

Tukirudi kwenye mti wetu. Katika Afrika ya Mashariki haukuletwa sana kwa ajili ya homa, bali kwa ajili ya kuni. Mfano ulio mkubwa ni wa Addis Ababa. Mji ule ulianzishwa mwaka 1886, na kabla ya miaka kumi na mitano kupita miti ya karibu ilikwisha katwa yote, hata Mfalme Menelik akaanza kujenga mji mwingine, Addis Alem, ili ahamie penye miti. Lakini mbegu za mkaratusi zilikuwa zimekwisha kuletwa katika miaka ya 1890. Miche ikashika, ikapanda juu kwa upesi wa ajabu, na mji mkuu ukabaki mahali pake. Wahabeshi huuita mti huo "mti wa ng'ambo ya bahari." Twajua mifano michache ya mti uliozuia mfalme kuhama.

Katika Kenya mikaratusi ilianza kupandwa mwaka 1902 ili kupata kuni za garimoshi, maana reli ilikuwa imekwisha fika ziwani mwaka 1901, na injini zilikula misitu. Kampala mikaratusi ilitiwa katika vinamasi ili kuvikausha. Kwetu, Wadachi walianzisha kituo cha kuchunguza mimea pale Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, wakajaribu miti ya nchi nyingi, na mikaratusi ilikuwa miongoni mwake. Baadaye Waingereza waliendeleza, na katika nyanda za juu za Mufindi mashamba ya chai yalipanda mikaratusi kwa ajili ya kuni za kukaushia majani. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Tanzania ilihimiza vijiji na shule zipande miti yao wenyewe, na mikaratusi ikawa miongoni mwa miche iliyogawanywa. Huku kusini mti huu haukuwa mkubwa kama mkorosho, ambao Wareno waliutoa Brazili, wala kama mwembe. Huonekana moja moja na safu safu katika nyua za shule, za hospitali na za ofisi, mahali ambapo mtu mwenye mamlaka alitaka kivuli cha upesi, akahamishwa kabla hakijafika.

Tumefika sasa mahali panapotuuma. Mtu wa Kilimanjaro akisikia ya kuwa mti fulani wanywa maji mengi, hutikisa kichwa akaendelea na kazi yake. Mtu wa Newala akisikia hivyo huweka jembe chini. Kwa miaka mingi wanawake wa uwandani walikuwa wakiondoka kabla ya alfajiri, wakiteremka mteremko na mitungi, wakingoja zamu kwenye chemchemi, wakipanda tena na jua mgongoni. Safari moja ilimaliza nusu ya siku. Katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kusukuma maji kwa mashine kutoka mabondeni, na bonde la Mitema likawa ndilo chimbuko kubwa. Tangu miaka ya 1970 serikali ya Finland ilisaidia kazi ya maji katika Mtwara na Lindi. Lakini bomba ni chombo cha binadamu. Mashine ikiharibika, au umeme ukikatika, madumu hurudi njiani, na njia ni ile ile ya mitungi.

Nasi tuna kisa chetu wenyewe, na tukisema kwa unyofu, kosa lilikuwa letu. Miaka mingi iliyopita tulifundisha katika shule moja chini ya mteremko. Palikuwa na kisima cha mikono karibu na bustani ya mboga, kisicho kirefu, nacho kilitosha shule na nyumba zilizo jirani. Tulipewa miche 30 ya mkaratusi, tukaambiwa ni mti mstahimilivu usiohitaji kazi. Tukaipanda kandokando ya bustani ili izuie upepo, na mingine kwenye mpaka wa shule upande wa barabara. Mchwa walikula 11 kabla ya mwaka kwisha. Ikabaki 19: 12 bustanini, 7 mpakani.

Miaka mitatu ya kwanza tulijisifu. Wageni walisifu pia. Mwaka wa nne mchicha ulio karibu na miti ulianza kuwa wa manjano, tukadhani ni kukosa samadi, tukaongeza samadi. Mwaka wa sita, mwezi wa Septemba, kamba ya kisima ilibidi kuongezwa pima moja, na Oktoba ndoo ilitoka na tope. Bibi mmoja aliyekuwa akiteka maji pale tangu usichana wake alikuja akasimama chini ya miti, akaitazama juu, akasema, "Mwalimu, watoto wako hawa wanakunywa kuliko watoto wangu." Tulimjibu kwa maneno mengi ya kitabuni. Yeye hakujibu neno, akachukua ndoo yake tupu akaenda.

Tulikaa na neno lile wiki nzima. Hatuwezi kuapa mbele ya hakimu ya kuwa miti ndiyo iliyokausha kisima, kwa kuwa mvua za mwaka ule zilikuwa haba, na visima vingine navyo vilishuka. Hata hivyo tulikata ile 12. Wazazi wakagawana nguzo, na kuni zikatosha jiko la shule hata mwaka uliofuata. Mvua zilipokuja maji yalirudi, na katika miaka iliyofuata kamba haikuongezwa tena. Mchicha nao ulirudi kuwa mchicha.

Baadaye tulisoma habari za majaribio yaliyofanywa kwa vipimo, nazo zilitufundisha kuliko kisima chetu. Katika Afrika ya Kusini, mahali paitwapo Mokobulaan, wataalamu walichagua kibonde kilichokuwa majani matupu chenye kijito chake, na mwaka 1969 wakakipanda mikaratusi kibonde kizima. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ilipokuwa na miaka 16, lakini kijito hakikurudi mara. Kilingoja miaka 5. Miti ile ilikuwa ya aina nyingine ndefu zaidi ya yetu, nayo ilikuwa msitu, si safu ya bustani. Lakini jambo la ile miaka mitano lafaa kukumbukwa. Mizizi ilikuwa imekunywa hata akiba ya ardhini, na mvua za miaka mitano zilikwenda kulipa deni hilo kabla tone moja halijaonekana juu. Katika Kenya mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kandokando ya mito na chemchemi ikatwe. Wengine walitii, wengine walinung'unika, maana mikaratusi ile ile ndiyo iliyokuwa ikilipa karo za watoto kwa nguzo za umeme.

Tusiuonee mti kwa kuusema ni mwizi. Maji unayokunywa hauyapotezi ovyo. Huyageuza kuwa nguzo kwa upesi ambao mti mwingine hauwezi. Atakaye nguzo upesi hana budi kulipa maji upesi. Swali ni kwamba maji hayo ni ya nani, na huchukuliwa mahali gani.

Kwa sababu hiyo shauri letu kwa watu wa Masasi na Newala ni hili, na atakaye kulipinga na alipinge. Mabondeni, penye chemchemi, visima na vijito, usipandwe kabisa, hata mmoja. Juu uwandani, ambako maji ya ardhini yako chini mno, miti michache mpakani mwa uwanja haimnyang'anyi mtu ndoo yake. Hunywa mvua iliyolowa udongoni, na atakayeona hasara ni muhogo ulio karibu. Lakini na uwandani pia michache maana yake ni michache. Chemchemi za chini ni mvua iliyozama juu. Mtu akipanda miti 10 kwake hakuna atakayejua. Kijiji kikipanda mashamba makubwa, huenda wale wa bondeni wakajua kabla ya wale wa juu.

Kwa apandaye bustanini, tunaandika yale tuliyojifunza kwa mikono. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Zichanganywe na mchanga laini, zinyunyizwe katika kisanduku chenye kivuli, na maji yatiwe kwa manyunyu, maana ukimwaga kwa kopo utazikusanya zote pembe moja. Miche ikipata majani manne hivi ihamishiwe katika viriba, na ipandwe shambani mvua za Desemba zikiisha shika, si kabla. Adui wake wa kwanza huku kwetu ni mchwa. Majivu ya jikoni kuzunguka shina husaidia kidogo, tena kidogo kweli. Linalosaidia zaidi ni mche wenye afya na kupanda zaidi ya hesabu utakayo. Adui wa pili ni majani ya porini. Mti huu mkubwa usioogopa moto, ukiwa mchanga huogopa nyasi. Palilia miaka miwili.

Usiupande karibu na nyumba. Aina hii ina desturi ya kuangusha tawi zima siku ya joto isiyo na upepo, bila ya kutoa habari, na bati halijui kuhimili. Hatua 30 kutoka ukutani ni afadhali. Hatua 15 kutoka kwenye mboga ni uchache wake. Kama kivuli ndicho utakacho mlangoni, panda mwembe, upate na embe. Mkaratusi na uwe wa mpakani, wa kuzuia upepo na kutoa nguzo. Nguzo yake ikichimbiwa ardhini bila ya dawa mchwa huila; juu ya paa hudumu. Kuni zake huwaka kwa moto mkali. Nyuki huyapenda maua yake, na mwenye mizinga hatajuta. Majani mabichi yachemshwayo kwa kujifukiza wakati wa mafua twayajua wote, na mvuke wake hufungua pua kweli. Lakini mafuta yake yaliyokamuliwa yasinywewe, nayo yawekwe mbali na watoto, kwa kuwa ni sumu yakinywewa.

Yuko rafiki yetu mmoja, fundi wa vinyago, ambaye huukataa mti huu hata mpakani. Husema ya kuwa mti usiochongeka vizuri si mti, na kwamba nafasi ya kila mkaratusi ingeweza kushika mpingo, au mninga, au mkongo, miti ya nchi hii ambayo chemchemi zimeizoea. Tunamheshimu, na mipingo miwili tumeipanda kwa ajili ya neno lake. Lakini tumemwuliza mkewe apika kwa kuni gani, akatuonyesha rundo nyuma ya nyumba, na ndani yake mlikuwamo vipande vya mpingo mchanga vilivyonunuliwa barabarani. Rafiki yetu alivitazama akanyamaza. Kwa hiyo twaona ya kuwa mikaratusi 10 ya kuni mpakani mwa uwanja wake ingeweza kuponya mipingo fulani porini ambayo hata yeye haijui, naye amesema atafikiri. Bado anafikiri.

Mikaratusi saba ya mpakani katika ile shule ya chini ya mteremko ingaliko mpaka leo, mirefu kupita paa la kanisa lililo jirani. Na vile visiki 12 vya bustanini havijakubali kufa. Kila mwaka, mvua za kwanza zikigusa udongo, hutoa machipukizi mekundu laini, na kabla hayajafika kimo cha mtoto wanafunzi hutumwa na panga kwenda kuyakata.